Kujenga Upya Mfupa wa Taya Kabla ya Kupandikiza Meno: Mwongozo kwa Wakazi wa Mafia

Kwa nini mfupa hupotea

Mfupa wa taya una sehemu mbili zenye tabia tofauti. Sehemu ya msingi, ile inayotoa umbo la kidevu na mashavu, hubaki maisha yote. Juu yake kuna ukingo wenye matundu ambamo mizizi ya meno imekaa. Ukingo huo huota pamoja na meno na huondoka pamoja nayo. Mtu anapotafuna, mzizi huvuta nyuzi nyembamba zinazoushikilia ndani ya tundu lake, na mvuto huo ndio unaouamuru mfupa ujitengeneze upya kila siku. Jino likishang'olewa, amri hiyo hukatika. Chembe zinazomomonyoa mfupa huendelea na kazi, zile zinazoujenga hupoa, na ukingo huanza kusinyaa.

Upungufu huo huenda haraka kuliko wengi wanavyodhani. Uchunguzi uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2003 ulifuatilia wagonjwa 46 waliong'olewa jino la nyuma. Upana wa ukingo wa taya, uliokuwa wastani wa milimita 12 mwanzoni, ulibaki milimita 5.9 baada ya mwaka mmoja, na theluthi mbili ya hasara hiyo ilitokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Hasara kubwa huwa upande wa nje, wa shavu na mdomo, kwa kuwa ukuta wa tundu upande huo ni mwembamba. Kwenye meno ya mbele aghalabu haufiki hata milimita 1.

Kung'oa jino si sababu pekee. Ugonjwa wa fizi uliokaa miaka mingi bila kutibiwa hula mfupa jino likiwa bado mahali pake, na mgonjwa huja kushtuka meno yanapoanza kucheza. Meno bandia ya kuvaa na kuvua nayo hukandamiza fizi na mfupa ulio chini yake. Uchunguzi wa miaka 25 uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba kwa watu wenye meno bandia mdomo mzima, kimo cha mfupa wa mbele wa taya la chini hupungua karibu mara nne ya kile cha taya la juu. Ndiyo maana seti ya chini hulegea mapema, huku ya juu ikiwa bado imeshika. Ajali za pikipiki, kipigo cha boriti au kamba ya chombo, usaha wa muda mrefu kwenye mzizi na uvimbe wa taya huongezea orodha hiyo.

Nchini Tanzania jino lililooza hung'olewa mara nyingi zaidi kuliko linavyozibwa, hasa mbali na miji mikubwa. Kwa hiyo mtu wa Kilindoni, Kirongwe au Jibondo anayeulizia jino la kupandikiza aghalabu amekwisha kukaa na pengo kwa miaka, na swali la kwanza atakalokutana nalo ni kama mfupa wa kulishika jino hilo bado upo.

Kipandikizi kinahitaji mfupa kiasi gani

Kipandikizi cha jino ni skrubu ndogo ya titani inayowekwa ndani ya mfupa ili ishike nafasi ya mzizi. Juu yake hufungwa kiungio, na juu ya kiungio huwekwa jino lenyewe. Msingi wa tiba hii uligunduliwa na daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, ambaye mwaka 1952, akichunguza mifupa ya sungura, aliona kwamba vyombo vya titani alivyoviweka vimeshikana na mfupa kiasi cha kutobanduka. Mgonjwa wake wa kwanza wa meno alipata vipandikizi mwaka 1965.

Mshikamano huo hutokea pale tu kipandikizi kinapozungukwa na mfupa hai pande zote. Kipandikizi cha kawaida kina kipenyo cha milimita 3.5 hadi 4.5, na urefu wa milimita 8 hadi 12. Kila upande huhitajika mfupa wa angalau milimita 1 hadi 1.5, hivyo ukingo wenye upana wa milimita 6 au 7 hutosha kwa wagonjwa wengi. Ukingo wa milimita 3 au 4 hautoshi: skrubu itatokeza upande wa shavu, fizi itasinyaa, chuma kitaonekana, na mwishowe kipandikizi kitalegea.

Kimo nacho kina mipaka. Kwenye taya la chini hupita mshipa wa fahamu unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu, na daktari huacha nafasi ya milimita 2 hivi kati yake na ncha ya kipandikizi. Kwenye taya la juu, juu ya magego, upo uwazi wa hewa uitwao sainasi. Magego yakishang'olewa sakafu ya uwazi huo hushuka huku ukingo ukipanda, na katikati huweza kubaki mfupa wa milimita 2 au 3 tu.

Vipimo kabla ya uamuzi

Mfupa haupimwi kwa kutazama fizi. Fizi nene inaweza kufunika ukingo mwembamba, na mgonjwa akaambiwa ana nafasi ya kutosha kumbe hana. Eksirei ya kawaida inayoonyesha taya zima huonyesha kimo na magonjwa yaliyofichika, lakini haionyeshi upana. Upana huonekana kwenye picha ya CT ya meno, inayokata taya vipande vipande kwenye kompyuta na kumwezesha daktari kupima kila sehemu kwa milimita.

Mgonjwa ana haki ya kuonyeshwa picha hiyo na kuelezwa namba zake: upana wa ukingo, kimo chake, na umbali hadi kwenye mshipa wa fahamu au sainasi. Ni vyema aondoke na nakala yake kwenye simu au diski. Nakala hiyo humfaa zaidi anayetoka kisiwani, kwani akitaka maoni ya daktari wa pili hatalazimika kuvuka bahari tena kwa ajili ya picha ileile.

Pamoja na picha, kinywa kizima hukaguliwa. Ugaga uliojishika chini ya fizi husafishwa, meno mengine yaliyooza hutibiwa, na fizi zinazotoka damu hupewa muda wa kupona. Mfupa mpya ukiwekwa kwenye kinywa chenye usaha hauna maisha.

Vitu vinavyotumika kujengea

Mfupa bora kuliko wote ni wa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu huja na chembe hai na viini vya kuamsha ukuaji. Kiasi kidogo huchukuliwa kwenye kidevu au nyuma ya taya la chini, karibu na gego la mwisho. Kiasi kikubwa huchukuliwa kwenye nyonga. Kasoro yake ni kwamba mgonjwa huwa na vidonda viwili, na mfupa wa nyonga ukiachwa bila vipandikizi huweza kumomonyoka tena.

Aina ya pili ni mfupa wa binadamu mwingine, uliotolewa kwa hiari baada ya kifo na kusafishwa katika benki za tishu. Ya tatu hutokana na mnyama, hasa ng'ombe: mfupa wake huchomwa na kusafishwa kwa kemikali mpaka ubaki ule ugumu wa madini peke yake, usio na protini. Ya nne hutengenezwa viwandani kwa chumvi za kalisi na fosfeti.

Ipo aina nyingine ambayo watu wa Mafia wanaijua kwa sura bila kuijua kwa kazi hii. Matumbawe ya jamii ya Porites yana vinyweleo vinavyopitana kwa namna inayokaribiana na mfupa wa binadamu, na tangu miaka ya 1970 watafiti wamekuwa wakiyasafisha na kuyatumia kama kiunzi cha mfupa. Matumbawe ya jamii hiyohiyo ndiyo yaliyokuwa yakichimbwa visiwani na kuchomwa chokaa ya kujengea nyumba. Yanayotumika hospitalini hupitia kiwandani, yakasafishwa na kuuliwa vijidudu. Jiwe lililookotwa mwambani halina nafasi kinywani, mbali na kwamba miamba ya Mafia inalindwa na Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995.

Ukiacha mfupa wa mgonjwa mwenyewe, vitu hivi havigeuki kuwa taya lake. Kazi yake ni kushika nafasi. Mishipa ya damu hupenya kati ya chembechembe za vitu hivyo, chembe za kujenga mfupa hufuata mishipa hiyo, na mfupa wa mgonjwa huota taratibu kuzizunguka. Aina nyingine huyeyuka kabisa kwa miezi kadhaa. Ile ya ng'ombe hubaki kwa miaka ikiwa imezungukwa na mfupa mpya, na hilo si kosa.

Juu ya vitu hivi, yaani unga wa mfupa, huwekwa utando, kwa sababu nyama ya fizi hukua haraka kuliko mfupa na ingejaza nafasi kabla mfupa haujafika. Hapa kuna jambo ambalo Mwislamu anapaswa kuliuliza mapema. Tando nyingi zinazouzwa duniani hutengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe, na baadhi ya unga wa mfupa nao hutokana na mnyama huyo. Zipo tando za ng'ombe, za plastiki ya hospitali, na hata za damu ya mgonjwa mwenyewe inayozungushwa kwenye mashine mpaka igande kuwa kipande laini. Daktari akiulizwa wiki kadhaa kabla ataagiza inayofaa. Akiulizwa mgonjwa akiwa tayari kwenye kiti, hatakuwa na la kubadilisha.

Unga, utando na vipandikizi ni vifaa tiba, na usimamizi wake nchini uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kila pakiti huja na kibandiko chenye jina la bidhaa na namba ya toleo. Kibandiko hicho hupaswa kubandikwa kwenye faili, na mgonjwa apewe nakala, kwani miaka 10 baadaye skrubu ya juu ikilegea, daktari mwingine atahitaji kujua ni kipandikizi cha aina gani.

Njia za upasuaji

Njia nyepesi kuliko zote ni kuhifadhi tundu siku ileile jino linapong'olewa. Daktari hulitoa jino bila kuvunja ukuta wa nje. Gego hukatwa katikati, kila mzizi ukatolewa peke yake. Tundu husafishwa, hujazwa unga wa mfupa, hufunikwa na kushonwa. Baada ya miezi 4 hadi 6 mahali hapo huwa tayari kwa kipandikizi. Ukingo utapungua kidogo hata hivyo, lakini hasara huwa ndogo sana kuliko ya tundu lililoachwa wazi.

Ukingo uliokwisha kuwa mwembamba hupanuliwa kwa unga na utando. Mgonjwa huwa macho, taya likiwa limepigwa ganzi. Fizi hupasuliwa na kufunuliwa mpaka mfupa uonekane, na mfupa huo hutobolewa vitundu vidogo ili damu itokeze. Unga huchanganywa na damu hiyo mpaka ushikamane kama mchanga mbichi wa pwani, kisha hupakwa upande uliopungua. Utando hulazwa juu na kubanwa kwa pini ndogo. Kazi ngumu huja mwishoni: fizi hulegezwa kwa ndani ili irudi kufunika kila kitu bila kuvutwa, kwa kuwa mshono ulioshonwa kwa nguvu hufumuka, utando ukabaki wazi, na vijidudu vya mate vikaingia. Sehemu kubwa ya kushindwa kwa upasuaji huu huanzia hapo. Mfupa huachwa ukomae kwa miezi 6 hivi.

Ukingo uliokonda kupita kiasi huwekewa kipande kizima cha mfupa, kilichokatwa nyuma ya taya na kufungwa kwa skrubu mbili. Miezi 4 hadi 6 baadaye skrubu hutolewa na kipandikizi kikawekwa.

Kwenye magego ya juu hufanyika kuinua sainasi, njia iliyoanza Marekani katika miaka ya 1970 na kuelezwa na Boyne na James katika jarida la kitaalamu mwaka 1980. Mfupa uliobaki ukiwa milimita 5 au zaidi, daktari huweza kupitia shimo lilelile la kipandikizi na kuisukuma sakafu juu kidogo. Ukiwa pungufu ya hapo, hufungua dirisha dogo ubavuni mwa taya, huuinua utando wa sainasi bila kuuchana, na kujaza unga chini yake. Utando huo ni mwembamba mno, na kuchanika ndiyo hitilafu inayotokea zaidi. Mchaniko mdogo huzibwa papo hapo, mkubwa humlazimu daktari kuahirisha. Kukomaa huchukua miezi 6 hadi 9.

Mapengo makubwa yana njia yake. Baadhi ya Watanzania hupoteza sehemu nzima ya taya la chini kwa uvimbe uitwao ameloblastoma, ambao si saratani lakini hula mfupa na hurudi usipotolewa wote. Mwaka 2006 madaktari wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Uholanzi walichapisha taarifa ya awali ya kujenga upya taya za wagonjwa wa aina hiyo kwa sahani ya chuma na mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Upasuaji huo hufanyika mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, na ni kazi ya bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili husomesha mabingwa hao hapa nchini.

Nani asubiri

Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona na hukaribisha usaha. Kipimo kinachofaa ni kile cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, na madaktari wengi huahirisha upasuaji wa hiari kikiwa juu ya asilimia 8. Kisukari kilichodhibitiwa hakimzuii mtu.

Tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutafuna, hubana mishipa midogo ya damu ambayo mfupa mpya unaitegemea. Mvutaji hushauriwa kuacha angalau wiki kadhaa kabla ya upasuaji na kutorudia mpaka mfupa ukomae. Asiyeweza kuacha afadhali atafute njia nyingine ya kuziba pengo kuliko kulipia mfupa utakaooza.

Wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa, za vidonge au sindano, pamoja na wanaopewa dawa hizo kwa ajili ya saratani iliyofika mifupani, wanapaswa kumwambia daktari hata kama walishaziacha, kwa kuwa taya linaweza kufa na kutopona baada ya kupasuliwa. Hali ni hiyo kwa aliyepigwa mionzi ya kichwa au shingo. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari aliyemwandikia na yule wa meno ndio watakaokubaliana. Mjamzito hungoja mpaka ajifungue. Kijana ambaye taya lake bado linakua huwekewa jino la muda mpaka ukuaji ukome.

Safari, bahari na kalenda

Kwa mkazi wa Mafia tiba hii ni safari ya Dar es Salaam, na si safari moja. Kuna ya vipimo, ya kujenga mfupa, ya kutoa nyuzi baada ya siku 10 hadi 14, ya picha mfupa ukishakomaa, ya kuweka kipandikizi, na mbili au tatu za kupima na kufunga jino. Kuanzia mwanzo hadi mwisho huweza kupita mwaka. Anayetoka Juani au Jibondo huanza na mashua, kisha gari hadi Kilindoni, kivuko hadi Nyamisati, na gari tena hadi Mbagala.

Baadhi ya safari hizo zinaweza kupunguzwa kwa mpango. Nyuzi zinazoyeyuka zenyewe huondoa moja. Nyuzi za kutolewa zinaweza kutolewa na mtaalamu wa meno wa Hospitali ya Wilaya, Kilindoni, iwapo mgonjwa atarudi na barua inayoeleza kilichofanyika. Pale mfupa uliobaki unapokiwezesha kipandikizi kusimama imara, daktari huweza kukiweka na kuongeza unga siku moja, na miezi kadhaa ikaokolewa. Si kila mgonjwa anayefaa kwa hilo, na anayeambiwa asubiri asimshinikize daktari.

Majira nayo yahesabiwe. Kusi inapovuma bahari kati ya kisiwa na bara huchafuka, na safari ya saa kadhaa ya kutapika si ya mtu mwenye mshono mbichi. Anayefanyiwa upasuaji afanye mpango wa kulala bara angalau siku 3 au 4, kwani uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na damu ikianza kutoka usiku ni bora awe karibu na daktari wake. Mwezi wa Ramadhani haufai, kwa sababu dawa humezwa kwa saa na mgonjwa huhitaji maji mengi. Anayeweza apange upasuaji baada ya Idi.

Aliyeinuliwa sainasi ana masharti ya ziada, na Mafia masharti hayo yanagusa riziki. Kupiga mbizi kunabadilisha shinikizo ndani ya sainasi, iwe kwa mtungi wa hewa kwenye Ghuba ya Chole au kwa pumzi tupu ya mvuvi wa pweza na majongoo. Shinikizo hilo huweza kuusukuma unga na kuuchana utando ambao haujapona. Mzamiaji asirudi chini ya maji mpaka daktari ampe ruhusa, na ruhusa hiyo huja baada ya wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Mwongozaji wa wazamiaji wa Utende, au wa wageni wanaoogelea na papa potwe kati ya Oktoba na Machi, ni vyema afanyiwe upasuaji msimu ukishaisha. Ndege nayo iepukwe kwa wiki 2 hivi za mwanzo au kadiri daktari atakavyosema.

Siku za kwanza nyumbani

Saa 24 za mwanzo mgonjwa hasukutui, hatemi mate kwa nguvu na hanywi kwa mrija, ili damu iliyoganda isitoke. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa huwekwa shavuni kwa dakika 15 hadi 20, ikapumzishwa, ikarudiwa. Kichwa hulazwa kwenye mito miwili.

Kuanzia siku ya pili husukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, au kwa dawa aliyopewa. Maji ya bahari si mbadala, yana vijidudu. Meno mengine hupigwa mswaki kama kawaida, mshono ukiachwa. Antibiotiki zikiandikwa humezwa mpaka mwisho.

Chakula huwa laini na kisicho moto: uji, mtori, ndizi zilizopondwa, mayai, supu ya samaki iliyochujwa ili isiwe na mwiba hata mmoja. Korosho, kashata, bisi na muhogo mkavu wa kukaanga hungoja. Kutafuna hufanyika upande wa pili. Meno bandia hayavaliwi juu ya mshono mpaka daktari ayapunguze, kwa kuwa kubanwa huharibu mfupa mpya kuliko kitu kingine chochote. Kubeba gunia la nazi, kuvuta nyavu na kusukuma chombo majini huachwa kwa wiki moja au mbili. Aliyeinuliwa sainasi hapengi kamasi, na chafya ikimjia huitoa kinywa kikiwa wazi.

Uvimbe, michubuko ya shavu na maumivu yanayotulizwa kwa dawa ni mambo ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni homa, usaha, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya nne, damu isiyokoma baada ya kubana pamba kwa nusu saa, mdomo uliobaki na ganzi siku ya pili, maji ya kunywa kutokea puani, au chembechembe za unga kutoka kwenye mshono. Mgonjwa mwenye dalili hizo aende Hospitali ya Wilaya siku hiyohiyo akiwa na barua yake, na ampigie daktari aliyempasua. Ulimi kuinuka, kushindwa kumeza au kupumua kwa shida ni dharura.

Gharama na njia mbadala

Bei inayotangazwa aghalabu huwa ya kipandikizi peke yake. Mgonjwa aombe mchanganuo wa maandishi: picha, unga, utando, upasuaji wa mfupa, kipandikizi, kiungio, jino la juu na ziara za ufuatiliaji. Aongeze nauli, malazi na siku za kazi zitakazopotea, na aulize nani atagharamia iwapo mfupa au kipandikizi kitashindwa. Mwenye bima aulize mfuko wake kabla ya kuanza. Daktari naye awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mgonjwa asione aibu kumuuliza amefanya upasuaji wa namna hiyo mara ngapi.

Si kila aliyepoteza mfupa anahitaji kuujenga. Vipandikizi vifupi vya milimita 6 hadi 8 hufaa mahali ambapo kimo ni kidogo lakini upana upo. Kwa asiye na meno kabisa, vipandikizi vinne vinaweza kuwekwa mbele ambako mfupa hubaki, viwili vya nyuma vikilazwa mshazari kuikwepa sainasi au mshipa wa fahamu, vikabeba safu nzima. Vipandikizi viwili tu kwenye taya la chini hutosha kuyashika meno bandia yanayocheza. Daraja la meno hushikwa na meno jirani na halihitaji mfupa wa pengo. Meno bandia ya kuvua na kuvaa hugharimu kidogo kuliko yote, hutengenezwa kwa wiki chache, na kwa mzee mwenye maradhi mengi huweza kuwa ndiyo tiba sahihi.

Nafuu kubwa kuliko zote hupatikana kabla mfupa haujapotea. Jino linaloweza kuzibwa lizibwe. Lisiloweza kuzibwa, kama halina usaha wala uvimbe, na kama mwenyewe anakusudia kuweka kipandikizi, lingojee safari ya bara ili ling'olewe na tundu lihifadhiwe siku moja. Lakini jino lenye usaha, homa au uvimbe wa shavu ling'olewe mara moja, Kilindoni hapohapo, bila kungoja mpango wowote: mfupa uliopotea unaweza kujengwa, na usaha unaoshuka shingoni huua.